Unataka kuanza mieleka ya Kijapani? New Japan, All Japan, NOAH, Stardom au DDT

Wengi wetu mieleka tumeijua kupitia Wamarekani. TV ya jirani, sebule imejaa, Undertaker anaingia taa zinazimwa na watoto wanajificha nyuma ya kochi. Afu miaka inapita, siku moja kwenye simu inakupitia video fupi, Wajapani wawili wamesimama katikati ya ulingo wanapigana viwiko vya taya zamu kwa zamu, hakuna anayerudi nyuma, ukumbi kimya kabisa, ghafla mmoja anayumba na watu wote wanalipuka kwa pamoja. Unabaki unajiuliza hiki ni kitu gani na mbona hakuna aliyeniambia mapema.

Ukiuliza mashabiki uanzie wapi unapewa majibu matano, yaani kampuni tano za mieleka za huko, na kila mmoja anaapa lake ndo lenyewe. Mimi zote tano nimezipenda, kwa nyakati tofauti na kwa sababu tofauti, so sitakuvuta upande wowote. Nakuwekea mezani uchague.

Vigezo

Naangalia vitu vinne. Cha kwanza kampuni ilikotoka, maana kwa Wajapani historia inapanda ulingoni pamoja na mtu, ukiona mpiganaji amevaa chupi ya kijani au amepiga pigo fulani mashabiki wanajua karithi kwa nani. Cha pili kinachotokea ulingoni. Cha tatu ugumu wa kuingia, yaani lugha, urefu wa mapambano, na kwa sisi tunaonunua bando, kama kuna cha kuonja kabla hujalipia. Cha nne inamfaa nani.

Na lile swali la kila siku, ni kweli au maigizo? Mshindi anapangwa kabla, Japani kama Marekani. Ila kiwiko kikitua kwenye taya kimetua kwenye taya, na utaona huko chini watu wamelipa gharama gani.

Kwanza mwalimu wao mmoja

Huwezi kuzielewa hizi kampuni bila Rikidozan. Alikuwa mcheza sumo, kazaliwa Korea kwa jina la Kim Sin-rak, jambo ambalo umma wa Japani ulifichwa maisha yake yote. Akaacha sumo 1950 akaingia mieleka. Februari 1954 akapanda ulingoni Tokyo na Masahiko Kimura dhidi ya ndugu wa Sharpe, Wakanada ambao umati uliwachukulia kama Wamarekani tu. Japani ilikuwa imeshindwa vita miaka tisa nyuma, TV za nyumbani zilikuwa chache mno, watu wakajazana barabarani na kwenye viwanja vya stesheni kama Shimbashi kuangalia TV zilizowekwa juu ya nguzo, wanamwona mtu wao anawakata wazungu warefu kwa kofi la pembeni ya kiganja. Mieleka na TV vilikua pamoja kule. Desemba 1963 akachomwa kisu kwenye klabu ya usiku Tokyo, akafariki wiki moja baadaye.

Ila alikuwa ameshaacha wanafunzi wawili walioanza siku moja, 30 Septemba 1960. Mmoja Shohei Baba, jitu la mita mbili na zaidi lililokuwa linarusha mpira wa besiboli timu ya Yomiuri Giants. Mwingine kijana aliyehamia Brazil na familia yake, Rikidozan akamkuta huko akamrudisha nyumbani, ndo Antonio Inoki. Siku hiyo ya kwanza Baba alishinda, Inoki alipigwa. Baba akapelekwa Marekani mapema akapate jina, Inoki akabaki kuwa mtumishi wa mwalimu, kubeba mizigo na kufokewa. Mimi naamini nusu ya historia yote iliyofuata imetoka kwenye tofauti hiyo ya siku moja.

New Japan

*Ilikotoka.* Inoki aliianzisha 1972, onesho la kwanza Machi 6, na kwenye hilo onesho akapigana na Karl Gotch akashindwa. Inoki alitaka dunia nzima ikubali kwamba mieleka ni mchezo wa kupigana ulio juu ya yote, kwa hiyo akawa anawaita watu wa judo, wa karate, mpaka tarehe 26 Juni 1976 akamwita Muhammad Ali kwenye ukumbi wa Budokan. Raundi 15, Inoki muda mwingi kalala chini anampiga mateke ya miguu, Ali anamzunguka, ikaisha sare na watu wakakasirika. Miguu ya Ali iliumia vibaya. Pambano lilichekwa sana wakati ule, leo watu wa ngumi mchanganyiko wanalitaja kwa heshima.

Hapa kuna kitu kimetoka huku kwetu na wengi hawakijui. Mwaka 1974 Kinshasa, Ali anapigana na Foreman, uwanja ulikuwa unaimba kwa Kilingala "Ali, boma ye", muue. Kelele zile zikaingia kwenye muziki wa Ali, na baada ya lile pambano la Tokyo muziki huo ukawa wa Inoki, akaingia nao ulingoni kwa miaka yote iliyobaki, Wajapani wanaimba "Inoki bom-ba-ye". Baadaye Shinsuke Nakamura, kijana wa New Japan, goti lake la kumalizia akaliita Boma Ye kumuenzi Inoki, na alipoenda WWE likaitwa Kinshasa. Kwa hiyo ukimsikia mtangazaji wa Marekani anapiga kelele Kinshasa, jina hilo limetoka Kongo likazungukia Tokyo.

*Ulingoni.* Wenyewe wanauita strong style, mateke mazito, viwiko, kukaba viungo. Vijana wapya wanaitwa Young Lions, wanavaa nyeusi tupu, chupi nyeusi buti nyeusi, hawaruhusiwi mbwembwe, wanaishi dojo, yaani kambi ya mazoezi, wanapiga skwati mia tano, wakiiva wanatumwa nje ya nchi miezi au miaka warudi na sura mpya. Kumfuatilia mmoja kuanzia kwenye nyeusi mpaka ubingwa ni raha ambayo sijaipata kwenye mchezo mwingine. Tangu 1981, Satoru Sayama alipovaa kinyago cha Tiger Mask akaruka na Dynamite Kid, wana pia jadi ya wapiganaji wepesi wanaoruka. Kila kiangazi kuna G1 Climax, ligi ya karibu mwezi mzima. Ile ya kwanza 1991 Masahiro Chono aliposhinda bila kutegemewa, watu pale Ryogoku, ukumbi wa sumo wa Tokyo, wakarusha mito ya kukalia ulingoni kama wanavyofanya kwenye sumo. Na kila Januari 4 wako Tokyo Dome tangu 1992.

*Kuingia.* Ndo rahisi kuliko zote. Mtandao wao una maonesho makubwa yenye watangazaji wa Kiingereza na kumbukumbu za miaka mingi. Ugumu ni urefu, mapambano makubwa yanagonga nusu saa na zaidi, Kazuchika Okada na Kenny Omega Juni 2017 walienda dakika 60 kamili ikawa sare. Jua pia kwamba nyota wa kizazi kile wameondoka, Okada kaenda Marekani 2024, Hiroshi Tanahashi kastaafu Januari 2026 palepale Tokyo Dome, so sasa hivi kampuni inajenga watu wapya. Na gharama ipo. Aprili 2017 Katsuyori Shibata alimpiga Okada kichwa kwa kichwa, damu ikavujia ndani ya fuvu, alibaki hai lakini maisha yake ya ulingoni yalikatika kwa miaka.

*Inamfaa nani.* Anayependa ligi, pointi, msimamo, mtu wa mpira hasa.

All Japan

*Ilikotoka.* Ya Baba, Oktoba 1972, miezi michache baada ya Inoki. Baba hakuwa na haja ya kumshinda mtu wa judo wala bondia. Njia yake inaitwa odo, barabara ya kifalme, mieleka inayosimama kama mieleka, wageni wakubwa kutoka Marekani na TV ya Nippon nyuma yake. Alikuwa anasifiwa kwa kulipa watu wake kwa wakati na kutimiza ahadi ya mdomo, Stan Hansen alihamia kwake akamaliza hapo maisha yake ya ulingoni.

*Ulingoni.* Hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1990 Genichiro Tenryu, mmoja wa nyota wa kampuni, aliondoka na watu kadhaa, kampuni ikabaki wazi. Mei hiyohiyo, katikati ya pambano, Mitsuharu Misawa aliyekuwa anacheza ndani ya kinyago cha Tiger Mask wa pili akamwambia mwenzake Toshiaki Kawada amfungulie kamba, akakivua akakirusha kwa watazamaji. Juni 8 akamshinda Jumbo Tsuruta, mwanaolimpiki wa Munich 1972, mtu ambaye hakuna aliyedhani kijana angemgusa. Kuanzia hapo wakawa wanne, Misawa, Kawada, Kenta Kobashi na Akira Taue, wanaitwa nguzo nne, na kwa karibu miaka kumi walifanya vitu ambavyo mimi bado naviona kilele cha huu mchezo.

Siri yake ni kumbukumbu. Kawada na Misawa walisoma sekondari moja, Kawada mdogo wake kwa mwaka, na kila wakikutana Kawada anajaribu kumshinda kaka yake wa shule. Pigo lililommaliza mtu mwaka jana mwaka huu anasimama, kwa hiyo unahitaji jipya, na mwakani jipya zaidi. Hakuna refa kupigwa, hakuna watu kuingilia, mgongo chini hesabu tatu basi. Tarehe 3 Juni 1994, Misawa na Kawada, kama dakika 36. Tarehe 9 Juni 1995, wawili kwa wawili, Kobashi ana goti bovu na anamlalia mwenzake Misawa kumkinga na mapigo kwa mwili wake. Sihitaji Kijapani kuelewa pale.

All Japan ya leo ni ndogo kuliko ile, tusidanganyane, ila imebaki na miili mikubwa. Kento Miyahara amekuwa uso wake kwa karibu miaka kumi, na kuna mapacha wa Saito, Jun na Rei, waliotoka sumo kama Rikidozan mwenyewe. Ligi yao ya masika inaitwa Champion Carnival.

*Kuingia.* Ngumu kiasi, Kiingereza ni kidogo sana. Ila ile ya miaka ya 90 haina hadithi ndefu za maneno, yote iko mwilini.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira, anayesikiliza taarabu ya dakika ishirini mpaka mwisho bila kuruka.

NOAH

*Ilikotoka.* Baba alifariki Januari 1999, Misawa na mjane wa Baba hawakuelewana jinsi ya kuendesha kampuni, na 2000 Misawa akatoka na karibu kila mtu. Waliobaki maarufu ni Kawada na Masanobu Fuchi. Kampuni mpya akaiita NOAH, kama safina, mkeka wa ulingo ukawa kijani, rangi yake.

*Ulingoni.* Miaka ya mwanzo ni nguzo nne zinaendelea na moto umeongezwa. Machi 1, 2003 Kobashi akamshinda Misawa, akashika mkanda siku 735. Vijana wepesi kama KENTA na Naomichi Marufuji wakabadili jinsi watu wadogo wanavyopigana, mateke ya KENTA utayaona mpaka kwa Wamarekani wa leo.

Na hapa ndo lile jambo la gharama. Miaka ya kubwagwa kwa kichwa na shingo ilimfikia Misawa 13 Juni 2009 Hiroshima, alibebwa akabwagwa kwa nyuma, pigo la kawaida alilopokea mara nyingi mno maishani, hakuinuka, akafariki usiku huo akiwa na miaka 46. Nikiangalia mapambano yake ya 1994 sasa hivi nafurahi na naumia kwa pamoja, na naona kila anayeanza na hawa watu anastahili kujua hilo mapema.

NOAH ya sasa iko chini ya CyberAgent tangu 2020 na ina ujasiri wake. Machi 2020, Korakuen Hall tupu bila mtazamaji kwa sababu ya korona, Go Shiozaki na Kazuyuki Fujita walisimama wakakodoleana macho karibu nusu saa nzima kabla ya kugusana. Wapo walioona ni upuuzi, mimi nilishindwa kutoa macho.

*Kuingia.* Wastani. Iko kwenye Wrestle Universe, pamoja na DDT, ukilipia moja umepata zote mbili, na maonesho makubwa yanapata Kiingereza.

*Inamfaa nani.* Aliyeipenda All Japan ya 90 akataka kujua iliishia wapi, au anayependa mateke.

Stardom na mieleka ya wanawake

*Ilikotoka.* Hapa usifikiri ni tawi la wanaume. Wanawake walikuwa na kampuni yao, All Japan Women's, tangu 1968 mpaka 2005, na miaka ya 80 Chigusa Nagayo na Lioness Asuka, Crush Gals, walikuwa wakubwa kuliko wanaume wengi, mashabiki wao ni wasichana wa shule wanalia ukumbini. Adui yao Dump Matsumoto, uso umepakwa rangi, mnyororo mkononi, alichukiwa kweli na Japani nzima. Agosti 1985 Osaka walipigana wakiwekeana nywele, Nagayo akashindwa akanyolewa palepale huku watoto wanapiga mayowe. Sheria za ndani zilikuwa kali, pombe hapana, sigara hapana, wanaume hapana, na ukifika miaka 25 unategemewa kustaafu. Novemba 1994 wakaingia Tokyo Dome kwa onesho lililoenda karibu masaa kumi.

Stardom ilianza 2011 juu ya majivu ya hiyo. Iyo Sky unayemuona WWE ametoka huku, kipindi hicho akiitwa Io Shirai.

*Ulingoni.* Kasi. Mapambano mengi mafupi kuliko ya wanaume, yanaruka, na yamegawanywa kwa makundi, kila kundi na rangi na tabia yake, kwa hiyo drama ni nyingi. Aprili 2025 pale Yokohama, Saya Kamitani na Tam Nakano waliwekeana kazi zao, anayeshindwa anastaafu, Tam akashindwa akaondoka kweli.

*Kuingia.* Macho yanaelewa haraka, maneno ni Kijapani kwa kiasi kikubwa. Wapiganaji wanahama pia, Mayu Iwatani aliyekuwepo tangu siku ya kwanza alihamia Marigold, kampuni nyingine ya wanawake, 2025, so jina unalolipenda linaweza kuwa kwingine mwakani.

*Inamfaa nani.* Anayependa hadithi za urafiki na usaliti, na yeyote mwenye binti nyumbani anayetaka kuangalia naye.

DDT

Ya 1997, Sanshiro Takagi, na inaamini mieleka inaweza kufanyika popote, barabarani, kambini porini, dukani. Wana mkanda unaogombewa saa 24 na yeyote, ngazi ya kupandia imewahi kuwa bingwa. Kota Ibushi alipigana na mwanasesere aitwaye Yoshihiko na ukiangalia unasahau kwamba mmoja wao hana uhai, hicho ni kipaji kikubwa sana. Kenny Omega alitoka Canada kuwafuata hawa 2008. Kuingia ni rahisi, video fupi zimejaa. Inamfaa anayetaka kucheka bila kudharau anachokiangalia, ila ukianza na hii peke yake unaweza kukosa utani mwingi, maana unachezea sheria zilizowekwa na wale wengine.

Sasa uchague vipi

Kama umetoka WWE na unataka daraja, New Japan, anza na Okada na Omega Januari 4, 2017, dakika 46, weka simu chaji kabisa.

Kama WWE ilikuchosha kwa watu kuingiliana na kuongea sana, ruka moja kwa moja All Japan 1994, lile la Juni 3. Usianze na NOAH kabla ya hapo, utaona mapigo lakini hutajua deni linalolipwa.

Una muda mchache, dakika kumi kumi kwenye daladala, Stardom au DDT. Bando limebana, tafuta video fupi za bure za kampuni zote kwanza, afu lipia mwezi mmoja mmoja tu, ukitaka mbili kwa bei moja ni Wrestle Universe.

Unataka kufuatilia mambo ya sasa wiki kwa wiki na kubishana na watu, New Japan wakati wa G1, Julai na Agosti, au Stardom mwaka mzima. Ukipenda kukaa na ya zamani peke yako usiku, nguzo nne zina mapambano ya kukutosha miaka.

Na kama unapita kwenye kipindi kigumu, umeugua au umeuguza mtu, tafuta Desemba 2, 2007, NOAH, Budokan. Kobashi alikuwa ametolewa figo kwa saratani 2006. Siku hiyo anarudi, mwenzake ni Yoshihiro Takayama aliyewahi kupigwa kiharusi, upande wa pili wako Misawa na Jun Akiyama. Angalia watu kwenye viti kabla hata kengele haijalia, wanaume wazima wanafuta machozi. Misawa hakumlegezea hata kiwiko kimoja, na mwisho ndiye aliyemweka Kobashi chini kwa hesabu ya tatu.